Fedha Zimefika Sumbawanga, Kazi Ifike Wampembe

Kwa miongo kadhaa Rukwa imetajwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kila inapozungumzwa mikoa inayobeba chakula cha Tanzania. Mahindi ya uwanda wa Ufipa yamesagwa Dar es Salaam, yamevuka mipaka kwenda Zambia na Kongo, na yamejaza maghala ya taifa miaka ambayo mvua ilikataa kwingine. Hata hivyo, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulikuta kwamba asilimia 45 ya watu wa mkoa huu waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kiwango kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 26.4. Utafiti wa afya wa 2022 ukaongeza jambo zito zaidi: karibu nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka 5, yaani asilimia 49.8, wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30.

Anayezisoma takwimu hizo kwa mara ya kwanza hudhani Rukwa imesahauliwa, kwamba shilingi ya Serikali haijafika huko. Miaka 20 iliyopita dhana hiyo ilikuwa na ukweli mwingi. Leo haisimami. Tangu 2008 fedha nyingi za umma, nyingine za kodi, nyingine za mkopo na msaada, zimeingia Rukwa kwa sura ya lami, bandari, maghala, uwanja wa ndege na nguzo za umeme. Zamani tuliuliza fedha zitakuja lini. Sasa swali ni gumu zaidi: fedha zilizokuja zimeacha kazi gani, kwa nani, na kwa muda gani?

Hoja ya makala haya ni kwamba uwekezaji wa Serikali umefungua njia ya kuyatoa mazao mkoani kabla ya kujenga kazi ya kuyaongezea thamani humo humo. Kilichopungua kuliko fedha ni mpangilio. Kila mradi ulipangwa, ukajengwa na ukazinduliwa peke yake, bila kufungwa na mwenzake. Ukitaka kuliona hilo kwa uwazi, usilipime Sumbawanga mjini penye taa na lami. Lipime Wampembe, kata ya wilaya ya Nkasi iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako kila kiungo kilicholegea huonekana.

Mji uliokua kuliko kazi zake

Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi karibu 210,000 katika Manispaa ya Sumbawanga. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 300,000. Mkoa mzima ulitoka watu milioni 1 hadi zaidi ya milioni 1.5 katika muda huo huo. Ni ongezeko la kasi kuliko la nchi kwa jumla, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto na vijana.

Mji wenyewe unaishi kwa mambo mawili: mishahara ya watumishi wa umma na biashara ya nafaka. Mishahara haiongezeki kwa kasi ya watu. Biashara ya nafaka nayo ina msimu wake. Mavuno yakiingia, mji huchangamka: malori hupanga foleni, wapakiaji hupata vibarua, mashine za kukoboa na kusaga hufanya kazi usiku na mchana, mama lishe huuza. Magunia yakishaondoka, kijana aliyekuwa akipakia hurudi kwenye bodaboda ya kukodi au shambani kwa wazazi. Kazi ipo, lakini ni kazi ya kubeba. Kazi ya kusindika, kupima ubora, kufungasha na kuuza kwa jina la mahali hufanyika kwingine, na ujira wake hubaki huko.

Ndiyo maana neno uwekezaji halina budi kutazamwa kwa makini. Mradi unaweza kumalizika kwa wakati, kwa ubora na kwa fedha zilizopangwa, na bado ukauacha mji na wabebaji wale wale wa msimu. Mhandisi hana kosa hapo. Aliulizwa kilomita, akatoa kilomita.

Waliokwisha kujaribu

Hali hii ina historia. Wakati wa ukoloni Ufipa ilikuwa mbali na reli na mbali na mashamba makubwa, kwa hiyo ilitumiwa kama chimbuko la nguvu kazi. Vijana walikwenda kwenye mkonge na kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ni watu waliokuwa na ufundi wao. Mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zinazopita kimo cha mtu, na wakulima walirutubisha ardhi kwa matuta ya majani yaliyofukiwa, kilimo ambacho wataalamu wamekiandika kwa heshima. Chuma cha kuletwa kiliua tanuri, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Mwaka 1974 Serikali iliunda Mkoa wa Rukwa, Sumbawanga ikiwa makao makuu, ili utawala na huduma visogee karibu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, Norway kupitia NORAD iligharimia mpango mkubwa wa maendeleo ya vijiji uliojulikana kwa kifupi RUDEP: maji, barabara za wilaya, kilimo, miradi ya kina mama. Wazee wengi wa Nkasi na Sumbawanga wanaukumbuka. Ulipokoma, halmashauri zilirithi vitu vya kutunza bila mapato ya kuvitunzia. Ushirika na Shirika la Usagishaji la Taifa, ambavyo vilinunua mazao, vilikuwa vimeshanyong'onyea chini ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, na mkulima akabaki na mlanguzi, debe na gunia la lumbesa.

Somo la RUDEP ni la leo pia. Huduma inayotegemea mfadhili huisha naye. Huduma inayotegemea biashara hai iliyo mahali pale ina nafasi ya kudumu, kwa sababu kuna mwenye sababu ya kuitengeneza inapoharibika.

Kilichojengwa tangu 2008

Mabadiliko makubwa yalianza na lami. Februari 2008 Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC. Sehemu yake ilijenga barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 223, kwa vipande vitatu kupitia Ikana na Laela. Kabla yake, safari hiyo wakati wa masika ilikuwa ya kubahatisha. Baadaye lami ikaendelea kaskazini kuelekea Namanyere na Mpanda, na magharibi kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, mji ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg.

Ziwani, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ilipanua Kasanga na kujenga Kabwe. Mkoani Katavi ilijenga bandari ya Karema, inayoitazama Moba na Kalemie ng'ambo ya pili, upande wa Kongo. Mjini Sumbawanga, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulijenga vihenge na maghala ya kisasa kwa mkopo kutoka Poland, na Julai 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alivizindua. Uwanja wa ndege ulipata fedha za Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Manispaa iliingizwa katika mpango wa Benki ya Dunia wa kuimarisha miji 18, uliojenga barabara za mitaa na stendi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kimefungua ndaki yake Rukwa. Ruzuku ya mbolea imetolewa tangu msimu wa 2022/23.

Ni orodha ya heshima, na haifai kuibeza. Mgonjwa anayetoka Laela kwenda hospitali ya mkoa anajua thamani ya lami kuliko mchambuzi yeyote. Bei ya mahindi shambani hupanda gari likifika kwa urahisi. Lakini sehemu kubwa ya mambo hayo inafanya kazi moja: kupunguza gharama ya kuutoa mzigo mkoani au kuuhifadhi usubiri kutolewa. Ni machache sana yanayoubadilisha mzigo wenyewe. Lami inabeba unga kurudi Sumbawanga kwa wepisi ule ule inaobeba mahindi kwenda Dar es Salaam. Kama kinu cha mbali kina umeme wa uhakika na mtaji nafuu, lami itakisaidia hicho na kukimaliza kinu cha hapa.

Wampembe, mwisho wa mnyororo

Sumbawanga iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Kati ya viwili hivyo ardhi huporomoka kwa mteremko mkali, na barabara ya Kitosi hadi Wampembe, yenye karibu kilomita 70 za udongo na changarawe, ndiyo inayoushuka. Kiangazi hupitika kwa subira. Masika, gari moja lililokwama mlimani linatosha kuufunga mwambao.

Kwa muda mrefu njia nyingine ilikuwa maji. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuibuliwa 1924, ilipita kati ya Kigoma na Mpulungu ikisimama nje ya Kirando, Kipili, Ninde, Wampembe na Kala. Gati hazikuwepo. Abiria, magunia na matenga ya dagaa yalipandishwa kutoka kwenye mitumbwi iliyoikimbilia meli gizani. Pamoja na tabu hiyo, ratiba ya Liemba ndiyo iliyokuwa ratiba ya soko. Mwaka 2018 meli ilisimama, na mwambao wa Nkasi ukaachiwa boti za mbao na mawimbi.

Sasa tazama kazi ya Wampembe yenyewe. Wavuvi huingia ziwani usiku wa giza na taa, ambazo siku hizi nyingi ni za sola, kuwavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka hupumzika, kwa hiyo kipato huja kwa mafungu kufuata mwezi. Wanawake hununua mwaloni, huanika, huuza. Dagaa waliotandazwa mchangani hushika mchanga na bei hushuka. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza. Migebuka ni samaki wa thamani kubwa zaidi, lakini bila barafu wana saa chache. Baada ya hapo ni moshi, chumvi au hasara. Mchuuzi aliyepanda na gari kutoka uwandani anayajua yote hayo, na bei anayotaja inayahesabu.

Hapa ndipo mnyororo unapokatika. Kuna maghala ya kisasa Sumbawanga, lakini ni ya nafaka. Kuna bandari Kabwe na Kasanga, lakini Wampembe iko katikati yake bila meli. Lami imefika Namanyere, lakini kutoka Kitosi kwenda chini haipo. Umeme umetangazwa kufika katika vijiji vyote vya nchi, lakini nguvu ya kuendesha mtambo wa barafu ni jambo jingine na taa ya sebuleni ni jingine. Kila idara inaweza kuonyesha mradi wake uliokamilika, na mama wa mwaloni bado akawa anaanika mchangani.

Lipo jambo la uchungu zaidi. Watoto wa uwandani wanadumaa katika nyumba zenye mahindi. Sababu ni nyingi: magonjwa, maji, mzigo wa kazi za shamba kwa mama, na mlo wa wanga mtupu. Dagaa mmoja mkavu aliyesagwa kwenye uji ni protini na madini ambayo mlo huo unayakosa, na anavuliwa ndani ya mkoa huo huo. Barabara, vichanja na vikaushio vya Wampembe ni mradi wa ajira, na papo hapo ni mradi wa afya ya watoto wa Ufipa. Uwekezaji wenye malipo mawili kwa gharama moja haupatikani kila siku.

Sera ni uwekezaji pia

Saruji ni sehemu moja tu ya fedha za Serikali. Sehemu nyingine ni maamuzi. Juni 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, kwa nia ya kulinda chakula na kuhimiza usagaji wa ndani. Nia ilikuwa njema, lakini vinu vya kuyapokea mahindi hayo havikuwepo kwa wingi uliohitajika. Bei ikaanguka, na wakulima wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Rukwa ikiwemo, wakaumia misimu miwili. Zuio liliondolewa, lakini imani haikurudi haraka. Kijana aliyekusudia kukopa anunue mashine alijifunza kwamba neno moja la ofisini laweza kuufunga mkopo wake.

NFRA imekuwa ikinunua kwa bei iliyo juu ya ile ya walanguzi, na hilo limewaokoa wengi. Tatizo ni kwamba ununuzi wa hifadhi hutegemea bajeti ya mwaka, hufunguliwa na kufungwa, na mkulima mdogo wa mbali hufika kituoni foleni imejaa. Ghala la taifa linaweza kumlinda mkulima na bei mbaya. Haliwezi kuwa ndilo soko lake kuu.

Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyowekwa kisheria 2018, ikasimamishwa 2023 kwa ajili ya kurekebisha usimamizi, ikarejeshwa 2024. Wazo ni zuri. Lakini asilimia 10 ya halmashauri maskini ni fedha kidogo, na ikigawanywa kwa vikundi vingi huishia kwenye kuku, mashine moja ya kushonea na duka la rejareja. Halmashauri zenyewe hupata sehemu kubwa ya mapato kutokana na ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 kwa mazao ya chakula ni asilimia 2. Maana yake, halmashauri ya Nkasi ina maslahi ya moja kwa moja katika dagaa na mahindi yaliyoongezwa thamani. Bei ya mzigo ikipanda, ushuru hupanda bila kuongeza kodi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 nayo inatoa nafasi ambayo Rukwa haijaitumia ipasavyo. Inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, na kanuni zake zinaweka miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50 mikononi mwa makandarasi wazawa. Kipande cha barabara ya mlima, uzio wa shule, madawati, chakula cha wanafunzi wa bweni, vyote hivyo vinaweza kuwa shule ya kazi kwa vijana wa mahali, endapo mkataba utataja watu wangapi wafunzwe na kwa ufundi gani. Usipotaja, kijana hupewa sepetu, na mradi ukiisha hurudisha sepetu.

Umeme na kiwanda

Hakuna kiwanda bila umeme wa kuaminika, na Rukwa imekaa nje ya gridi ya taifa kwa miaka yote ya Uhuru. Sumbawanga imekuwa ikitumia umeme unaonunuliwa Zambia na jenereta za mafuta. Mradi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ambao Benki ya Dunia iliukubalia mkopo wa dola milioni 455 mwaka 2018, ndio utakaoimaliza hali hiyo. Kati ya miradi yote ya Rukwa, huu ndio unaogusa ajira nyingi zaidi kwa muda mrefu zaidi, na kila mwaka unaochelewa ni mwaka ambao msagaji wa Sumbawanga anashindana na wa Mbeya mkono mmoja ukiwa umefungwa.

Umeme ukifika, mambo ya kuongeza thamani yako wazi: unga ulioongezwa virutubishi, mafuta ya alizeti na mashudu yake, ulezi, maharage yaliyochambuliwa kwa daraja, chakula cha mifugo, barafu, samaki waliofungashwa. Hakuna kinachohitaji utaalamu wa ajabu hapo. Kinachohitajika ni mtaji wa kuendeshea, yaani fedha za kununua malighafi msimu wa mavuno ili mtambo usikae bure miezi minane. Viwanda vingi vya mikoani havijafa kwa kukosa mashine, vimekufa kwa kukosa fedha za kuzilisha mashine. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania ipo kwa ajili ya pengo hilo hasa, na stakabadhi za ghalani zinaweza kuwa dhamana kwa mtu asiye na hati ya nyumba.

Kisumu inatufundisha nini

Upande wa Ziwa Viktoria, Kisumu ilikuwa mji ulionyong'onyea kwa muda mrefu: bandari iliyolala, reli iliyokufa, viwanda vilivyofungwa. Kuanzia 2019 Serikali ya Kenya iliikarabati bandari, na meli ya MV Uhuru ikarudi kubeba mabehewa ya mafuta kwenda Port Bell, Uganda. Hiyo ndiyo sehemu iliyopigwa picha nyingi.

Sehemu iliyoleta kazi nyingi vijijini ilikuwa ya kodi. Mwaka 2013 Kenya ilitoza ushuru bia ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mtama. Mauzo yakaanguka na wakulima wa mtama wakakosa mnunuzi. Mwaka 2015 Serikali ilirudisha unafuu wa kodi. Kampuni ya bia ilipata uhakika huo, ikakifungua tena kiwanda chake cha Kisumu mwaka 2019 kwa uwekezaji wa takriban shilingi bilioni 15 za Kenya, kikinunua mtama wa wakulima wa magharibi mwa nchi. Mtu anaweza kuwa na mashaka yake kuhusu pombe, na ana haki. Lakini jinsi mambo yalivyofungamana ni jambo la kujifunza: Serikali ilitoa uhakika wa sera, kampuni ikaweka mtaji, mkulima akapata soko la mkataba, na mji ukapata mishahara ya mwaka mzima. Rukwa yenye mahindi, ulezi na alizeti inaweza kupata mpango wa namna hiyo kwa vyakula vya kila nyumba, kuanzia unga wenye virutubishi unaonunuliwa na shule, magereza na hospitali za Serikali yenyewe.

Kisumu inatuonya pia. Ukarabati wa bandari na reli uliambatana na kuvunjwa kwa vibanda vya wafanyabiashara wadogo waliokuwa kwenye ardhi ya reli. Kufufua mji kwa kuwaondoa wanaouishi ni hesabu isiyofungika. Mwalo wa kisasa Wampembe usipotenga nafasi ya mama wa kuanika kabla ya nafasi ya mnunuzi mkubwa, utakuwa umehamisha kipato badala ya kukiongeza.

Mapingamizi matatu yanayostahili jibu

La kwanza husema: watu wa Wampembe ni wachache, kilomita moja ya lami ya mlimani ni ghali, afadhali fedha ziwekwe mjini na watu wahamie huko. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mji ungekuwa na kazi za kuwapokea. Hauna. Kijana anayeacha mtumbwi Wampembe anafika Sumbawanga kuwa dereva wa bodaboda mwingine kwenye kijiwe kilichojaa. Isitoshe, si lazima barabara yote iwe ya lami mara moja. Kuweka zege kwenye miteremko mikali inayokwamisha magari, na mitaro na madaraja kwenye mito, huifanya njia ipitike mwaka mzima kwa sehemu ndogo ya gharama.

La pili ni zito zaidi: ziwa linachoka. Tafiti zilizochapishwa 2003 na 2016 zimeonyesha kwamba maji ya juu ya Tanganyika yanapopata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Tanzania pamoja na nchi jirani zilikubaliana kupumzisha ziwa, na kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa upande wetu. Hili ni kweli, na ndilo linalonipa sababu ya kusisitiza barafu, vichanja na vikaushio kabla ya boti na nyavu zaidi. Kazi mpya ya Wampembe itoke katika kuokoa samaki wanaoharibika na kupandisha thamani ya waliokwisha kuvuliwa. Miezi ya kufunga ziwa nayo inahitaji kazi mbadala iliyopangwa mapema, na matengenezo ya barabara kwa vibarua wa vijiji vya mwambao ndiyo kazi inayoangukia vizuri kiangazi hicho hicho. Maji ya ziwa yamepanda pia miaka ya karibuni na kumeza nyumba na gati kuanzia Bujumbura hadi Kigoma, kwa hiyo lolote linalojengwa ufukweni lijengwe juu.

La tatu husema Serikali haipaswi kufanya biashara. Nakubali kwa sehemu. Historia ya mashirika ya umma ya kununua mazao inatosha kutuonya. Lakini biashara binafsi haiendi mahali ambapo gari halifiki, meli haipiti na umeme unakatika. Kazi ya Serikali ni kuondoa vizuizi hivyo kwa pamoja, kisha kuacha watu wafanye biashara bila kubadilishiwa kanuni katikati ya msimu.

Mpangilio

Kama fedha ni zile zile, ningezipanga hivi. Kwanza, njia ya Kitosi hadi Wampembe ipitike mwaka mzima, na ratiba ya meli au boti kubwa irudishwe mwambaoni. Ukarabati wa Liemba na meli mpya ya mizigo inayokusudiwa Kigoma vipangiwe vituo vya kusini tangu mwanzo, visiishie kwenye bandari kubwa tu. Karema imetuonyesha kwamba bandari inayotangulia barabara na meli husubiri. Pili, mwalo wenye vichanja, vikaushio vya jua na barafu ukabidhiwe kikundi cha usimamizi wa uvuvi na ushirika wa wachakataji, wenye daftari lililo wazi na ada ya matengenezo. Tatu, njia ya umeme ya Tunduma hadi Sumbawanga ikamilishwe, na eneo la viwanda la manispaa liwe na maji, nguzo na hati kabla ya kumwita mwekezaji. Nne, Serikali iwe mteja: iandike mikataba ya miaka kadhaa ya kununua unga wenye virutubishi na dagaa kwa ajili ya shule za Rukwa. Tano, tamko la wazi kwamba soko la nje la mahindi halitafungwa ghafla.

Na kila mradi uhesabu kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ajira ni mali. Taarifa ya mradi hutuambia kilomita, tani na asilimia ya utekelezaji. Ituambie pia watu wangapi wa mkoa huu walifanya kazi, wangapi kati yao ni wanawake, wangapi walipata ufundi wenye cheti, na wangapi bado wana kazi miaka 2 baada ya kuzinduliwa. Diwani wa Wampembe awe na haki ya kuidai taarifa hiyo kama anavyodai ya darasa na zahanati. Vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA na wa ndaki mpya waijue, ili wajifunze ufundi wa majokofu, umeme wa jua na usindikaji ambao miradi hiyo itauhitaji.

Nayasema haya kwa moyo wa kuuthamini mkoa huu na watu wake, ambao hawajawahi kulilia chakula cha bure. Wamelima, wamevua, wamebeba magunia yao wenyewe hadi ilipokuwa barabara. Rukwa imekwisha kutoa mahindi ya kutosha kuidai nchi kazi, na nchi imekwisha kutumia fedha za kutosha kujua kwamba kazi hiyo haiji yenyewe nyuma ya lami. Inapangwa, inaandikwa kwenye mkataba, na inafuatiliwa hadi mwaloni.